Mshale Uliolala

Jumatatu, 12 Machi 1956

Daftari hili nilipewa na ofisi niandike hali ya mota za kiwanda kila siku. Kurasa za mbele ni za mota. Hizi za nyuma nimejichukulia mwenyewe.

Leo mita imeanguka. Nilikuwa juu ya ngazi nikipima waya wa taa katika ghala la singa, nyuzi za mkonge, ukanda wake ukakatika begani, ikashuka mpaka kwenye saruji. Niliteremka mbio nikaiokota kabla mtu hajaona. Ni sanduku jeusi lenye kioo na mshale, nayo ndiyo mita pekee katika shamba zima la Kwemhanga. Macho hayaoni umeme, wala pua hainusi. Mshale ukipanda, waya una umeme. Mshale ukilala, waya umekufa, unaweza kuushika. Bila mita mimi ni mtu mwenye bisibisi tu.

Kioo hakikupasuka. Nilizigusisha nyaya zake kwenye betri ya tochi, mshale ukapanda. Nikamshukuru Mungu, nikaendelea na kazi.

Jumatano, 14 Machi

Wingu zito upande wa Tanga mjini. Mvua bado.

Jumanne, 20 Machi

Masika imeingia. Imenyesha tangu alfajiri, na barabara ya Pongwe imekuwa uji.

Mchana nilipima swichi ya pampu ya maji, nami nikijua kabisa kwamba umeme upo. Mshale ukalala kwenye sifuri. Nikagonga kioo kwa kidole, ukaruka ukasimama mahali pake. Baada ya hapo ulifanya kazi vizuri kutwa.

Mzee Idarusi aliniona nikigonga. Huyu ndiye fundi wa korona, mashine kubwa inayoparura majani ya mkonge mpaka zibaki singa. Ni Mdigo, nyumba yake iko Makorora, na kila asubuhi huja kwa baiskeli na kanzu yake ameikunja ndani ya mfuko ili isichafuke. Ana tabia ya kuuliza jambo moja mara mbili, kana kwamba jibu la kwanza lilikuwa la kujaribia. Aliuliza kama mita ni nzima. Nikasema ni nzima. Akauliza tena. Nikamjibu kwamba kila mtu ana kazi yake. Hakuudhika, alinitazama tu, akarudi kwenye korona.

Simpendi mtu wa namna hii. Kufanya kazi naye ni kama kukaguliwa.

Ijumaa, 23 Machi

Nimekwenda kwa Bwana Petrakis kumweleza habari ya mshale. Yeye ndiye injinia wa shamba, Mgiriki, na mimi nina deni naye la heshima. Nilikuja hapa kutoka Mlalo kama mkata mkonge. Aliposikia ninajua kusoma alinitoa shambani, akanipeleka mwaka mzima nikajifunze umeme. Mpaka leo hakuna mtu mwingine aliyenitendea hivyo.

Aliipima mita mwenyewe pale ofisini, ikafanya kazi bila tatizo. Akasema kuipeleka Nairobi ni miezi miwili au mitatu, na masika ndiyo wakati mota zinapolowa. Hatuwezi kukaa bila mita. Ikikwama, niigonge. Nikamwomba ruhusa niifungue mwenyewe. Akakataa, akasema nikiiharibu hatapata nyingine, niiache ilivyo.

Sikumwambia kwamba ilianguka. Na nilipotoka pale nilijisikia mwepesi, maana isipofunguliwa hakuna atakayejua. Hili naliandika hapa kwa sababu hakuna mahali pengine pa kuliandika.

Manase, karani, alikuwa mezani kwake chumba cha pili, mlango wazi. Alinitupia mzaha kwamba nimekwenda kumsengenyea Bwana mota zake. Huyu kila kitu kwake ni kicheko. Mtu mwepesi.

Ijumaa Kuu, 30 Machi

Mvua. Kanisani tulikuwa wachache. Mke wangu Ruthi hakuweza kupita kwenye tope na mimba ya miezi sita, alibaki nyumbani na binti yetu Elizabeti.

Alhamisi, 5 Aprili

Leo mshale umekwama mara mbili. Nimeichukua mita nikaja nayo nyumbani niifungue kwa siri. Nimeiweka mezani, nimetoa bisibisi ndogo, nimekaa.

Ruthi akauliza ninangoja nini. Nikamsimulia yote, tangu ngazi mpaka ofisini. Alisikiliza huku akimsuka Elizabeti, halafu akasema, "Kama unajua kuifungua, ifungue. Kama hujui, mwambie Bwana ilianguka."

Nilimwambia mambo ya kazini si rahisi namna hiyo. Nikiifungua ikafa, nitakuwa nimevunja amri na nimeivunja mita. Nikiiacha, angalau inafanya kazi siku nyingi kuliko siku isizofanya. Nimeirudisha kiwandani bila kuigusa.

Alhamisi, 12 Aprili

Waislamu wameanza kufunga. Mzee Idarusi amekuja amelowa mpaka mifupani, akafanya kazi yake kama kawaida.

Jumapili, 15 Aprili

Mvua tu.

Jumanne, 17 Aprili

Bati la juu ya korona limetoboka, maji yanadondoka. Nimetoa taarifa. Wamesema watalitazama mvua ikikatika.

Jumamosi, 21 Aprili

Sikuandika siku mbili. Leo nitaandika yote kama yalivyokuwa, maana nimeanza kuona kwamba tayari yanasimuliwa kwa namna nyingine.

Alhamisi saa nne asubuhi mota ya korona ilizimika. Maji yalikuwa yamedondokea juu yake mpaka yakaingia ndani. Nje troli zimejaa majani, na jani la mkonge likikaa siku mbili tatu singa yake haifai. Bwana Petrakis alikuja mwenyewe. Akasema mota itolewe, ile ya akiba iwekwe, na korona iwe inazunguka kabla ya saa nane.

Nilishusha swichi kubwa ya ukutani. Swichi hiyo ina ndimi tatu za shaba na mpini mmoja unaozitoa zote kwa pamoja. Mpini ulishuka vizuri. Sikufungua sanduku lake kutazama ndani. Baadaye tuliona kwamba ulimi mmoja ulikuwa umekatika kwenye mpini, ukabaki umeng'ang'ania pale pale, na umeme unapita.

Nikaenda kwenye mota, nikapima nyaya zote tatu, moja baada ya nyingine. Mshale ulilala kwenye sifuri. Sikugonga kioo. Siku mbili hizi nimejiuliza kwa nini sikugonga. Mkono huu ulikuwa umeshika waya mmoja wa mita, na ule umeshika wa pili, mita inaning'inia shingoni, mvua inapiga bati hata husikii sauti yako mwenyewe, na Bwana amesimama mlangoni anatazama saa. Yote hayo ni kweli. Lakini kweli nyingine ni kwamba nilitaka mshale ulale, nao ulikuwa umelala.

Mota ile imebanana na ukuta. Mkono wangu ni mnene, haupiti kufikia nati za nyuma. Mzee Idarusi ana mikono myembamba, na siku zote yeye ndiye huzifungua. Akachukua spana, akakunja shati.

"Umepima?" akaniuliza.

"Nimepima."

"Umepima sawasawa?"

"Mzee, nimeshasema nimepima."

Akasema bismillahi, akapitisha mkono nyuma ya mota.

Hakupiga kelele. Mwili wake ulikakamaa mara moja na uso ukageukia kwangu. Nilinyakua gunia kavu nikamzungushia kiunoni, nikamvuta kwa nguvu zangu zote mpaka tukaanguka wote wawili. Tukamlaza juu ya singa. Nilimkandamiza kama tulivyofundishwa, nikahesabu, nikaanza tena, mpaka dresa, mganga wa zahanati ya kambi, alipokuja akanishika bega akasema inatosha. Midomo ya Mzee Idarusi ilikuwa mikavu. Tangu daku hakuwa ameonja hata maji.

Watu walipokuwa wakienda kutafuta kitanda cha kumbebea, Bwana Petrakis alinisogelea. Mita ilikuwa bado shingoni mwangu. Akashika nyaya zake kwa uangalifu, akazigusisha pale kwenye mota. Mshale ukalala. Akagonga kioo kwa ukucha. Mshale ukaruka juu.

Akanitazama, nami nikamtazama. Hakuna mtu mwingine aliyeona. Kisha akaenda akazima umeme wa kiwanda chote.

Walimzika jana mjini kabla ya magharibi. Sikwenda. Niliambiwa nibaki nifunge mota ya akiba, nami nilifurahi kuambiwa hivyo.

Jumanne, 24 Aprili

Nimeitwa ofisini kutoa maelezo. Bwana Petrakis alisema, Manase akaandika. Karatasi inasema kwamba fundi umeme alikuwa bado anapima, na marehemu, kwa kuwa alikuwa amelegea kwa funga, alipeleka mkono kabla ya kuruhusiwa. Manase akanisomea kwa sauti kavu ambayo sijawahi kuisikia kwake. Nikaulizwa kama ndivyo.

Nilitia sahihi.

Jioni Manase alinikuta bombani. Hakuwa na mzaha wowote. Alisema yeye aliandika alichoambiwa kuandika, lakini aliyekuwepo pale ni mimi. Akajaza ndoo yake akaenda.

Alhamisi, 26 Aprili

Mvua. Korona inazunguka vizuri. Amewekwa fundi mpya kutoka shamba jingine, kijana hodari. Nimempimia waya mara moja, yeye akashika. Haulizi kitu.

Jumapili, 29 Aprili

Ruthi ameujua uongo. Kambini wake za watu wanasema Mzee Idarusi alijiua kwa haraka zake, na kwamba mtu aliyefunga asiachiwe mashine. Alirudi kutoka bombani akanieleza, akitazama uso wangu. Nikamwambia nilitia sahihi. Kisha akaniuliza kama mke wa marehemu anajua kusoma. Sikujua. Miaka mitano nimefanya kazi na mtu yule, sikujua hata jina la mkewe.

Manase ndiye aliyeniambia baadaye: anaitwa Sabiha, na ana watoto wanne. Alisema pia kwamba kosa likiandikwa ni la marehemu, mjane hana madai yoyote.

Jumatano, 2 Mei

Bwana Petrakis ameniita. Bwana wa Leba, yule wa serikali anayesimamia mambo ya wafanyakazi, atakuja tarehe kumi na saba kuchunguza kifo, na ataitaka mita. Juu ya meza kulikuwa na kisanduku cha bisibisi ndogo, kibano na lenzi, vitu vyake mwenyewe vya kutengenezea saa. Akavisukuma upande wangu.

Akasema, "Sasa ifungue. Uitengeneze."

Akaniambia nifikiri vizuri. Alisema mita ikionekana mbovu, jambo la kwanza watakalouliza ni ilikuwa mkononi mwa nani. Haikuwa mkononi mwake. Ikionekana nzima, basi ni ajali, na ajali haimfungi mtu.

"Nakulinda wewe, Asheri," akasema. "Una mke mzito. Aliyekufa amekwisha kufa."

Alisema kwa upole, kama siku ile aliponitoa shambani. Ndipo nilipoona kwamba upole wake ulikuwa ule ule siku zote mbili, na mimi ndiye niliyekuwa mtu mwingine. Nikavichukua vile vitu.

Alhamisi, 3 Mei

Sijaigusa.

Ijumaa, 4 Mei

Sijaigusa. Nikiitengeneza, ninamzika Mzee Idarusi mara ya pili, na safari hii kwa mikono yangu. Nisipoitengeneza, Ruthi atajifungulia wapi? Nyumba hii ni ya shamba. Nimegeuza maneno haya kichwani kutwa nzima mpaka hayana maana tena.

Jumamosi, 5 Mei

Nimeifungua leo mchana, mezani kwetu, mlango wazi kwa sababu ya mwanga.

Skrubu nne tu. Kwenye pembe ya chini, pale ilipogonga saruji, palikuwa na ufa usiopitisha hata wembe. Ndani, mshale umeshikwa na kigurudumu cha waya mwembamba kama unywele, kinachozunguka katikati ya sumaku. Nikatazama kwa lenzi. Kati ya kigurudumu na sumaku kulikuwa na uzi mmoja wa singa, mfupi kama ukucha wa mtoto. Uliingia kwa ule ufa. Kukiwa na unyevu unavimba, unashika. Ukikauka, au ukigongwa, unaachia.

Hakuna kingine. Hakuna kilichovunjika. Kazi ya kibano, kuvuta pumzi na kuitoa. Ningeifanya tarehe tano Aprili pale pale mezani, chai ya Ruthi isipoe.

Ruthi alikuja akainama juu ya bega langu. Nikamwonyesha.

"Ni hiki tu?" akauliza.

"Ni hiki tu."

Alitoka nje akasimama mvuani.

Kibano kilikuwa mkononi, na ncha zake zilikuwa zimekwisha kuufikia ule uzi. Nikawaza, ukitoka, mita itakuwa nzima na Mzee Idarusi atakuwa mzembe mpaka siku ya kiyama. Nimekiweka kibano chini. Nimefunga skrubu zote nne, na uzi umebaki mahali pake. Bwana wa Leba atapima, mshale utalala, kila mtu ataona. Baada ya hapo yatakayonipata na yanipate.

Leo kwa mara ya kwanza tangu Aprili nimekula nikashiba.

Jumatatu, 7 Mei

Bwana aliuliza kama tayari. Nikasema, "Nimeifungua, Bwana." Hakuuliza zaidi.

Jumamosi, 12 Mei

Idi. Kambi ilikuwa kimya kuliko Idi zote nilizoziona hapa.

Jumanne, 15 Mei

Mvua imekatika ghafla. Jua kali, tope linakauka na kupasuka.

Alhamisi, 17 Mei

Niandike polepole.

Bwana wa Leba ni Mwingereza kijana, anasema Kiswahili cha kitabuni. Alikaa katika kiti cha Bwana Petrakis, na Bwana Petrakis pembeni yake. Manase mezani anaandika. Mimi nilisimama. Alisoma maelezo yangu yote, akauliza kama nina la kuongeza. Nikasema naomba mita ipimwe kwanza. Nilisema kwa ujasiri, maana nilijua kitakachotokea.

Mita ililetwa. Ilikuwa imekaa siku mbili kwenye rafu ya ofisi, chini ya dirisha lenye jua. Akaniambia niipime kwenye soketi ya taa ya meza. Nikagusisha nyaya. Mshale ukapanda moja kwa moja, bila kusita, ukasimama mahali pake.

Nikatoa, nikagusisha tena. Ukapanda. Mara ya tatu ukapanda. Nilisema ifunguliwe, ndani kuna uzi wa singa umeshika mshale. Ikafunguliwa. Kati ya sumaku hapakuwa na kitu. Chini ya sanduku kulikuwa na vumbi na nyuzi mbili tatu za singa, na hakuna ambaye angeweza kusema ni upi. Bwana Petrakis akasema, bila haraka, kwamba katika shamba hili hata mkate una singa. Ni kweli.

Bwana Petrakis akaniangalia, akaniitikia kwa kichwa kidogo sana. Alidhani nimeitengeneza kama alivyoniagiza, na kwamba maneno yangu ni woga tu.

Bwana wa Leba akaanza kufunga kifuniko cha kalamu yake. Ndipo nilipofahamu kwamba karibu wiki mbili nilikuwa nikiitegemea mita iseme kwa niaba yangu. Nilijiona mtu mwema kwa kuacha uzi ndani ya sanduku, ili mimi nisifungue mdomo.

Nikasema, "Bwana, maelezo yale ni ya uongo. Mita niliiangusha mimi, tarehe kumi na mbili Machi. Nilijua mshale unakwama. Mzee Idarusi aliniuliza mara mbili kama nimepima, nikamwambia nimepima. Hakuharakisha. Alingoja mpaka nilipomruhusu."

Aliniuliza kwa nini nilitia sahihi. Nikasema niliogopa. Akauliza kama nilimwambia mkubwa wangu kuhusu mshale. Nikasema ndiyo, tarehe ishirini na tatu Machi, katika chumba hiki hiki, ila nilimficha kwamba iliangushwa. Bwana Petrakis akasema hakumbuki mazungumzo hayo. Hakunitazama aliposema.

Bwana wa Leba akauliza kama kuna mtu mwingine aliyesikia. Nilifungua mdomo kusema hapana. Manase akaweka kalamu chini, akasimama.

"Mimi nilisikia," akasema. "Mlango ulikuwa wazi. Bwana alimwambia ikikwama aigonge. Na maelezo ya fundi hayakutoka kinywani mwake. Niliandika mimi, Bwana akinisomea."

Akakaa, akachukua kalamu tena, akangoja aambiwe aendelee kuandika. Tone la wino likadondoka kwenye karatasi. Huyu ndiye niliyemwandika humu kuwa mtu mwepesi.

Jumatatu, 21 Mei

Tumeachishwa kazi wote wawili, mimi na Manase. Nyumba tuitoe mwisho wa mwezi. Bwana wa Leba ameandika kwamba marehemu hana kosa, na madai ya mjane yatapelekwa mbele. Mimi nisitoke Tanga mpaka nijulishwe kama nitashtakiwa. Kuhusu Bwana Petrakis sijasikia kitu. Leo asubuhi alipita na gari lake karibu na bomba, akapunguza mwendo ili asiturushie maji.

Manase anarudi kwao Muheza. Nilikwenda kumwomba radhi kwa yaliyompata. Akasema hakuyafanya kwa ajili yangu.

Alhamisi, 24 Mei

Nimekwenda Makorora na Ruthi. Tulitembea toka asubuhi, tukipumzika kila Ruthi alipochoka. Nilitaka kwenda peke yangu, akasema mwanamke yule yuko edani, hatazungumza na mwanamume uso kwa uso, nitasimama mlangoni kama mdai.

Ruthi aliingia ndani. Mimi nilikaa nje karibu na mlango, pazia limeshushwa. Nilisikia sauti ya mwanamke ikiuliza mimi ni nani, Ruthi akamwambia. Nilieleza kila kitu kwa pazia lile, tangu ngazi. Sikuruka kitu.

Nilipomaliza akauliza, "Alikuuliza?"

"Mara mbili."

Nilisikia akishusha pumzi. Akasema watu wa mtaa wameambiwa mumewe alikufa kwa pupa, na kwamba watoto wake wanatupiwa maneno hayo chuoni wanaposoma Kurani. Bwana mmoja kutoka serikalini alikuja na karatasi inayosema si kosa lake, lakini karatasi imo sandukuni, maneno yapo barabarani. Akasema Jumatatu ni arobaini. Shemeji yake Mselem, kaka wa marehemu, atakusanya watu kwa hitima. Nije niyaseme mbele yao, kama nilivyoyasema pale.

Nikasema nitakuja. Njiani Ruthi alinieleza kwamba alipokuwa ndani Sabiha alimpa maji, na akamuuliza mimba ni ya miezi mingapi.

Jumapili, 27 Mei

Tumefunga mizigo. Ruthi atakwenda kwa dada yake Korogwe. Sikuweza kwenda kanisani.

Jumatatu, 28 Mei

Hitima ilisomwa barazani baada ya alasiri. Watu walikuwa wengi, wengine nawajua kutoka kiwandani. Nilikaa mwisho wa mkeka. Walipomaliza dua, Mselem alisimama. Ni mzee mrefu, sura ya marehemu kabisa, nami sikuweza kumtazama vizuri. Akasema kuna mtu ana maneno.

Nilisimama. Nilijitaja jina langu na kazi niliyokuwa nikifanya. Nikasema niliangusha mita nikaficha. Nikasema niliambiwa niigonge, na siku ile sikuigonga. Nikasema Mzee Idarusi aliniuliza mara mbili, nami nikamjibu kwa ukali. Nikasema nilitia sahihi karatasi ya uongo juu ya mtu ambaye hakuwepo kujitetea.

Mtu mmoja nyuma akauliza habari ya funga kumlegeza. Nikasema ni uongo, mkono wake siku ile ulikuwa imara kuliko wangu.

Mselem aliingia ndani, akakaa kitambo, akatoka. Akaja mpaka niliposimama na kunena kwa sauti ya kawaida, ili wa karibu wasikie.

"Sabiha anasema amesikia. Anasema usimwombe msamaha leo, kwa sababu akisema leo amekusamehe atakudanganya."

Nikaitikia. Nikageuka kuchukua viatu vyangu, nikijua sina la zaidi pale. Mselem akasema chakula kimekwisha kutoka, na mtu haondoki kwenye hitima ya ndugu yake bila kula. Akanielekeza kwenye sinia lililokuwa karibu, lenye watu watano. Walisogea. Nikamiminiwa maji, nikanawa.

Nilitia mkono katika wali. Hakuna aliyezungumza nami, wala aliyeondoa mkono wake kwenye sinia.